Nodi Mpya Hupimwa kwa Nodi za Zamani

Fundi akishaongeza seva kwenye klasta, kitu cha kwanza atakachokuonyesha ni skrini. Ameandika `pcs status`, na orodha ya nodi, yaani seva za klasta, imerefuka: zilikuwa mbili, sasa ni tatu, na zote zimeandikwa "Online". Mkuu wa idara anafurahi, hati ya makabidhiano inaletwa na kalamu juu yake. Anayeijua kazi hii hashiki kalamu bado. Neno lile kwenye skrini linathibitisha kwamba nodi mpya imeitwa ikaitika, basi. Kama imekuja kuongeza nguvu au kuleta balaa, skrini haijasema.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye klasta ya huduma zisizotakiwa kukatika, mgeni anaweza kuja na mwenyeji akaugua. Nodi moja ikiongezwa, zilizokuwepo hubadilishiwa hesabu ya kura, muda wa kusubiriana, orodha ya nani anaweza kumzima nani, na wakati mwingine hata kazi zilizokuwa zinafanya. Ndiyo maana mkaguzi mzuri hutumia muda mfupi kuitazama seva mpya na muda mrefu kuzihoji za zamani. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Mfano wake ni klasta ya Linux inayoendeshwa kwa Pacemaker na Corosync, ya aina unayoweza kuikuta hospitalini, kwenye SACCOS au chuoni: nodi mbili zimefanya kazi miaka kadhaa, ya tatu inaingia.

Anza na kura

Klasta huamua mambo yake kwa kura, na kura zinahitaji akidi: zaidi ya nusu ya nodi zote. Klasta ya nodi tatu ina akidi ya 2, ya nodi nne ina akidi ya 3, ya nodi tano akidi ni 3 vilevile. Ukiipitia hesabu hiyo polepole utaona kwamba klasta ya nodi tatu inavumilia kupotea kwa nodi moja, na ya nne inavumilia moja hiyohiyo. Mkandarasi akikushauri utoke tatu uende nne "kwa usalama zaidi", muulize usalama huo uko wapi. Akijibu kwamba mashine zimeelemewa na kazi, hoja yake ina mashiko. Akibaki kurudia neno usalama, anauza seva.

Nodi mbili ni hali ya pekee. Akidi ya 2 kati ya 2 ingefanya moja ikifa nyingine nayo isimame, kwa hiyo Corosync ina kipengele cha `two_node: 1` kinachoiruhusu nodi iliyobaki kuendelea peke yake. Kipengele hicho huwasha pia `wait_for_all`, yaani klasta inapowaka kwa mara ya kwanza, nodi zote sharti zionane kabla kazi haijaanza. Ya tatu ikishaingia, ruhusa hiyo haina kazi tena. Nenda kwenye nodi ya zamani, fungua `/etc/corosync/corosync.conf`, utafute mstari huo. Amri ya `pcs cluster node add` huuondoa yenyewe. Ukiukuta bado upo, ujue faili lilihaririwa kwa mkono, na aliyelihariri hakulisoma hadi mwisho.

Kisha andika `corosync-quorumtool -s` kwenye kila nodi, ukianzia na za zamani. Kura zinazotarajiwa ziwe 3, zilizopo 3, akidi 2, na majibu yafanane kotekote. Nodi mbili zikisema tatu na moja ikasema mbili, una klasta isiyokubaliana hata juu ya idadi yake.

Jambo dogo linalowatofautisha mafundi ni muda. Corosync huzungusha ujumbe wa tokeni kati ya nodi, na tokeni ikichelewa kupita kiasi, kuna nodi inahesabiwa imepotea. Kwenye matoleo ya karibuni ya Corosync 3 muda huo kwa kawaida ni milisekunde 3000, na kila nodi inayozidi mbili huongeza milisekunde 650. Kwa hiyo klasta yako ya nodi tatu inasubiri milisekunde 3650 kabla ya kushtuka. Ingekuwa na nodi tano ingesubiri 4950. Si nyingi, lakini fundi aliyewaambia wenye mfumo kwamba muda wa kugundua hitilafu utaongezeka kidogo ni fundi anayejua alichokigusa.

Fuata kebo kwa kidole

Toka kwenye skrini, nenda nyuma ya raki. Kazi nzuri inasomeka kwa macho: kila kebo ina lebo ncha zote mbili, na lebo inasema inakotoka na inakokwenda. Lebo ya "server3" peke yake haimsaidii mtu anayetafuta hitilafu saa nane usiku. Lebo ya "nodi3 kadi 2 – swichi B mlango 14" inamsaidia.

Sasa shika kebo ya njia ya kwanza ya mapigo, yaani njia ambayo tokeni hupitia, uifuate kwa kidole hadi inapoishia. Fanya hivyo kwa njia ya pili. Usahihi wa karatasi hauna maana hapa, kwa sababu udanganyifu wa kawaida kabisa wa kazi hii huonekana mwisho wa kebo: njia mbili zilizochorwa kwa rangi mbili kwenye mchoro, zote zimeingia kwenye swichi moja, milango miwili iliyopakana. Swichi hiyo ikizima, njia mbili zinakufa kwa pamoja na nodi tatu zinapotezana. Corosync 3 inakubali hadi njia nane kati ya nodi. Mbili zinatosha, mradi ziwe mbili kweli.

Umeme nao ufuate hivyohivyo. Seva nzuri ina pawasaplai mbili. Je, moja imekwenda UPS hii na nyingine UPS ile, au zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja sakafuni? Na kama kila nodi inategemea UPS moja, mpya imewekwa kwenye ipi? Ikiwa za zamani ziligawanywa vizuri na mpya ikarundikwa upande wenye nodi tayari, upande huo ukizima zinaondoka nodi mbili kati ya tatu, na iliyobaki haina akidi. Hapo umenunua seva ya tatu ili umeme wa upande mmoja uweze kusimamisha kila kitu. Wanaoishi na umeme wa kukatika na jenereta ya kubembeleza hawahitaji maelezo zaidi.

Mambo mengine ya mashine yenyewe yapite haraka, kwa kuwa ni ya ndiyo au hapana. Saa za nodi zote zilingane kupitia chrony. Majina ya nodi yatambulike hata huduma ya DNS ikiwa imelala, na `/etc/hosts` ya nodi za zamani iwe na jina la mpya. Fayawoli za pande zote ziruhusu mlango wa TCP 2224 na ile ya UDP inayoanzia 5405. Matoleo ya programu yafanane: nodi yenye Pacemaker ya zamani kupita inayokubalika na wenzake itakataliwa kujiunga, na nodi yenye toleo jipya zaidi huleta mchanganyiko unaovumilika wakati wa kupandisha matoleo tu, si wa kuishi nao.

Uliza itauawa vipi

Hapa ndipo kazi nyingi mbovu hukamatwa. Nodi ikinyamaza, zilizobaki hazijui kama imekufa au imekatika mtandao tu huku bado inaandika kwenye diski. Zikikisia imekufa na kumbe iko hai, nodi mbili zinaandika data moja kwa wakati mmoja, na hifadhidata inaharibika kimyakimya. Dawa yake ni moja: nodi iliyonyamaza izimwe kwa nguvu, na klasta ipate uthibitisho wa kuzimwa huko, ndipo kazi zake zihamishwe. Kwenye Pacemaker utaratibu huo unaitwa STONITH.

Ukikuta `stonith-enabled=false`, funga daftari lako. Hakuna cha kukagua zaidi. Red Hat haitoi msaada wa kiufundi kwa klasta isiyo na utaratibu huu, na wana haki. Fundi atakwambia aliuzima "kwa muda, wakati wa majaribio". Majaribio yameisha, uwashwe, kisha mrudi mezani.

Ukiwa umewashwa, ubora una ngazi. Ngazi ya chini ni kwamba kifaa cha kuizimia nodi mpya kimewekwa na kinaitika. Ngazi ya pili ni kwamba nodi zote mbili za zamani zinaweza kuizima mpya, na mpya inaweza kuzizima zote mbili. Upande huu wa mwisho husahaulika sana, maana fundi anawaza kuhusu mgeni anayeweza kuleta shida na hawazi kwamba siku moja mgeni ndiye atakayebaki na kazi ya kuwazima wenyeji. Nodi mpya inaweza kukosa njia ya kufikia mtandao wa usimamizi zilipo kadi za iDRAC au iLO za seva za zamani, na hakuna atakayejua hadi siku ya msiba.

Ngazi ya juu ni fundi aliyejiuliza: umeme wa nodi ukikatika wote, je? Kadi ya usimamizi hula umeme wa seva ileile. Seva ikikosa umeme, kadi nayo inazima, klasta inatuma amri ya kuzima na hakuna wa kuijibu. Bila jibu, klasta inasubiri, na huduma zinabaki chini ingawa nodi imeshakufa kabisa. Fundi bora huweka njia ya pili, mfano PDU inayoweza kukata umeme wa soketi kwa amri ya mtandao, na kuipanga kama ngazi inayofuata ya kwanza ikishindwa. Ukikuta ngazi mbili zimepangwa na zote zimejaribiwa, uko mbele ya kazi ya mtu makini.

Usikubali maneno. Mwambie aandike `pcs stonith fence nodi3`, nawe usimame mbele ya raki uione taa ikizima. Kisha aandike amri hiyohiyo akiwa kwenye nodi mpya, dhidi ya mojawapo ya zamani isiyo na kazi wakati huo.

Iingie mikono mitupu

Nodi mpya inapojiunga, Pacemaker hufanya jambo ambalo wengi hawalioni: huikagua nodi hiyo mara moja kwa kila huduma inayoisimamia, ili kujua kama tayari inaendeshwa hapo. Ukaguzi huo ni wa busara, na ndio mtego wenyewe.

Chukua mfano wa hifadhidata ya MariaDB inayoendeshwa na nodi ya kwanza. Fundi ameandaa nodi ya tatu kwa Debian au Ubuntu, akasakinisha MariaDB. Kwenye mifumo hiyo, huduma ikisakinishwa huwashwa hapohapo na kuwekwa iwake kila mashine inapowaka. Fundi anaiunganisha nodi na klasta. Pacemaker inakagua, inaikuta MariaDB hai kwenye nodi ya tatu, na inajua kwamba ipo hai pia kwenye ya kwanza. Huduma inayopaswa kuwa mahali pamoja iko mahali pawili. Mpangilio wake wa kawaida kwa hali hiyo ni kuizima kotekote, kisha kuiwasha mahali pamoja. Kaunta ya malipo inasimama saa nne asubuhi kwa sababu ya nodi ambayo haijapewa kazi yoyote.

Kwa hiyo kwenye nodi mpya andika `systemctl is-enabled mariadb`, na ufanye hivyo kwa kila huduma iliyo chini ya klasta. Jibu linalotakiwa ni "disabled". Mwenye kuwasha na kuzima awe mmoja, naye ni Pacemaker.

Mtego wa pili ni kuhamahama. Pacemaker isipoambiwa vinginevyo, thamani ya `resource-stickiness` ni 0, maana yake huduma haina sababu ya kung'ang'ania ilipo. Ikitokea nodi tupu, klasta inaweza kuona ni haki kugawana mzigo na kuanza kuhamisha huduma, kila moja ikizimwa hapa na kuwashwa kule. Fundi mwangalifu hupandisha thamani hiyo kabla ya kuongeza nodi, au huiingiza nodi ikiwa kwenye hali ya kusubiri. Ukikuta kwenye faili la `/etc/sysconfig/pacemaker` la nodi mpya, au `/etc/default/pacemaker` kwa watumiaji wa Debian, kumeandikwa `PCMK_node_start_state=standby`, mpe heshima yake aliyeandika. Amehakikisha nodi inaingia, inapiga kura, inaonekana, na haiwezi kupewa huduma hadi binadamu aamue.

Uthibitisho wake uko kwenye logi za nodi za zamani. Zisome kuanzia dakika nodi mpya ilipojiunga. Kazi safi inaonyesha mwanachama ameongezeka, ukaguzi umefanyika, na hakuna huduma iliyozimwa wala kuwashwa. Ukikuta logi hizo zimesafishwa, au historia ya makosa imefutwa kwa `pcs resource cleanup` muda mfupi kabla hujafika, uliza kilichofutwa kilikuwa nini.

Data inatoka kwa nani

Klasta ikiwa ya hifadhidata yenyewe, swali la kwanza ni nani anamlisha mgeni. Kwenye Galera, ambayo ni klasta ya MariaDB, nodi mpya isiyo na data hupokea nakala nzima kutoka kwa nodi mojawapo ya zamani. Njia ya rsync humfunga mtoaji asiweze kuandika wakati nakala inatoka. Mariabackup humwacha afanye kazi kwa sehemu kubwa ya muda huo, ingawa diski na mtandao wake vinaelemewa. Fundi mzuri humtaja mtoaji kwa jina, akamchagua asiyepokea wateja, na kazi akaipanga usiku. Fundi mbaya huacha klasta ichague, kisha anashangaa kwa nini mfumo umekuwa mzito.

Watu wa etcd, ambayo ndiyo kumbukumbu ya Kubernetes, walilipata jibu zuri. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2019, mwanachama mpya anaweza kuingizwa kama mwanafunzi: anapokea data bila kupiga kura, na akishawafikia wenzake ndipo anapandishwa. Kabla ya hapo aliingia na kura yake mkononi akiwa bado mtupu. Hatari yake inaonekana vizuri pale klasta ya wanachama watatu inapopoteza mmoja. Fundi mwenye haraka humwongeza wa nne kabla ya kumfuta aliyekufa. Mara moja wanachama wanakuwa wanne, akidi inapanda kuwa 3, na walio hai ni wawili. Mpya akishindwa kuwaka kwa kosa dogo la anwani, klasta nzima imeganda. Utaratibu ni kumwondoa marehemu kwanza, ndipo uongeze. Muulize fundi wako alifuata mpangilio upi. Jibu lake litakwambia kama anahesabu kura au anafuata maelekezo tu.

Kikomo ambacho hakuna aliyekihesabu

Mfano mkubwa wa mgeni kuwaangusha wenyeji ulitokea kwa Amazon tarehe 25 Novemba 2020, kwenye huduma yao ya Kinesis huko Virginia. Walikuwa wameongeza seva kidogo tu kwenye kundi la mbele la huduma hiyo. Kila seva ya kundi hilo ilikuwa inafungua uzi mmoja wa mfumo endeshi kwa ajili ya kila seva mwenzake. Idadi ilipoongezeka, kila seva, za zamani pamoja na mpya, ikavuka kikomo cha nyuzi kilichowekwa kwenye mfumo endeshi. Seva za zamani zilizokuwa na afya tele zikashindwa kujenga ramani ya kazi zao, na huduma nyingine zilizoitegemea Kinesis zikayumba nazo. Kuziondoa zile mpya hakukutosha. Ilibidi seva ziwashwe upya kwa awamu, na hali ikatulia usiku. Moja ya dawa walizozitangaza baadaye ni kuhamia seva kubwa zaidi ili ziwe chache.

Klasta yako ya nodi tatu haitafika huko, lakini swali linabaki lilelile: ni kitu gani kwenye nodi za zamani kinaongezeka kila mwenzao anapoongezeka? Idadi ya miunganisho inayoruhusiwa na hifadhidata, leseni zinazohesabiwa kwa nodi, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kwenye hifadhi ya pamoja, nafasi ya chelezo. Fundi anayestahili malipo yake atakuwa na ukurasa mmoja wenye vitu hivyo, kila kimoja na kikomo chake na kiasi kilichotumika. Ukurasa huo ni nadra kuuona. Ukiuona, uutunze.

Kabla ya kusaini

Jaribio la mwisho liwe kwa muda uliokubaliwa na watumiaji, chelezo zikiwa zimethibitishwa kurejesheka. Wengi huzima nodi mpya, wanaona klasta inaendelea, wanapongezana. Jaribio hilo halina maana: klasta iliishi bila nodi hiyo hadi juzi. Zima nodi ya zamani yenye kazi, kwa kuchomoa umeme, si kwa amri ya kistaarabu. Huduma zihamie kwenye mpya, na mtu aliyeketi kwenye kaunta, si fundi, akwambie kama risiti inatoka. Andika sekunde zilizopita. Irudishe nodi ya zamani, uone kama huduma zinatulia zilipo au zinakimbia kurudi. Kisha mwambie fundi aiondoe nodi mpya kwenye klasta kwa utaratibu kamili na airudishe tena kwa kufuata karatasi aliyokuandikia, wewe ukiishika karatasi hiyo mkononi. Kila hatua anayoifanya ambayo haimo kwenye karatasi, iandike pembeni.

Fundi aliyefanya kazi vizuri atakubali haya yote bila kununa, na huenda atakuwa ameshayafanya. Akikwambia klasta ni nyeti mno kuchomolewa nodi moja, amekwambia mwenyewe kwamba kazi haijaisha. Hati irudi kwenye faili hadi nodi ya zamani ichomolewe na kaunta iendelee kutoa risiti.